Utabiri wa Vuli: Redio Imesema, Sasa Wewe Upande Lini?

 

Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti hivi, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua za vuli, yaani zile za Oktoba hadi Desemba. Redio inasoma, na jioni watu wanagawanyika. Mmoja anasema mwaka huu mvua ni kubwa, anakwenda kukopa mbegu za ekari tano. Mwingine anasema hao wa hali ya hewa waongo, juzi walisema hivi ikawa vile. Wote wawili wamesikia tangazo lile lile. Shida ni kwamba hakuna aliyelifungua akaona ndani mna nini. Basi leo tulifungue.

Tuanze na neno linalotajwa kuliko yote: wastani. Wataalamu huchukua mvua za miaka 30 mahali fulani, wakazijumlisha, wakagawa kwa 30. Hiyo inayopatikana ndiyo wastani wa muda mrefu. Sasa msimu ukileta kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya kipimo hicho, wao huuita msimu wa wastani. Chini ya asilimia 75 ni chini ya wastani, na zaidi ya asilimia 125 ni juu ya wastani. Tuseme wastani wa vuli wa mahali fulani ni milimita 300. Ikinyesha milimita 230, tangazo la "wastani" limetimia. Ikinyesha 370, limetimia pia. Lakini wewe mwenye shamba unajua kwamba milimita 230 na milimita 370 si chakula kimoja! Kwa hiyo ukisikia "mvua za wastani", usifikiri umeahidiwa mwaka mzuri. Umeambiwa tu kwamba hautarajiwi mwaka wa ajabu, upande huu au ule.

Halafu kuna maneno yanayosomwa haraka mwishoni, wakati watu wameshaanza kuongea mambo mengine: lini mvua zitaanza, lini zitakoma, na mtawanyiko wake. Mimi nakuambia, hayo ndiyo yenye ugali wako. Milimita 300 zinaweza kunyesha kwa wiki tatu zikamaliza, mahindi yakabaki na jua. Zinaweza pia kugawanyika kwa miezi mitatu, kidogo kidogo, ukavuna mpaka ghala likashindwa. Jumla ni ile ile. Basi ukisikia "mtawanyiko usioridhisha", hapo nyanyuka, ongeza sauti ya redio.

Sasa hili la uongo na ukweli. Mwelekeo wa msimu hausemi kitu kitatokea kwa hakika. Unasema kipi kina nafasi kubwa zaidi kutokea. Chukua kibuyu, tia njugu mawe kumi: tano nyeusi, tatu nyekundu, mbili nyeupe. Nyeusi ni mvua nyingi, nyekundu ni mvua ya wastani, nyeupe ni ukame. Mwambie mtoto afumbe macho atoe moja. Utabashiri nyeusi, na utakuwa umebashiri vizuri, kwa maana ndizo nyingi. Lakini mtoto anaweza akatoa nyeupe. Je, ulidanganya? Hapana. Nyeupe zilikuwamo tangu mwanzo. Utabiri wa "juu ya wastani" mara nyingi ni kibuyu cha namna hiyo, na mkulima mwenye akili hulima akikumbuka kwamba na zile nyeupe mbili zimo.

Wanajuaje njugu zipi ni nyingi? Wanatazama bahari. Bahari ya Pasifiki iko mbali sana na sisi, lakini maji yake ya katikati na ya mashariki yakipata joto kuliko kawaida, hali iitwayo El Niño, upepo wa dunia nzima hubadilika. Kwetu Afrika Mashariki vuli huelekea kuwa na mvua nyingi. Yakipoa, hiyo ni La Niña, na vuli huelekea kupungua. Lakini iko bahari nyingine iliyo jirani, nayo ni Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu, upande wa Afrika, yakiwa na joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, mawingu hujikusanya huku. Joto likiwa kule, mvua inanyesha kwao, sisi tunabaki na upepo mkavu na vumbi.

Mwaka 1997 bahari zote mbili zilikubaliana. Wazee wanaikumbuka vuli ile: iliungana na masika ya 1998 bila kupumzika, barabara zikakatika, na homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu Afrika Mashariki. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa sana kule Pasifiki, watu wakaogopa kwamba ya 1997 imerudi, lakini Bahari ya Hindi haikusukuma kwa nguvu zile, na mvua hazikufikia kiasi kile. Mwaka 2019 ikawa kinyume chake: Pasifiki ilitulia, Bahari ya Hindi peke yake ikatuletea mvua nyingi mno. Ikafuata La Niña miaka mitatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022, na ile vuli ya 2022 ilikuwa kavu hata Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu. Mwaka 2023 El Niño ikarudi, na huo ndio mwaka wa maporomoko ya Hanang, tarehe 3 Desemba. Kwa hiyo jirani akikuambia "mwaka huu kuna El Niño, tumepona" au "tumekwisha", muulize: na Bahari ya Hindi inasemaje?

Sasa tuje nyumbani, maana Masumbwe ina jambo lake. Tangazo la vuli huiweka Geita pamoja na Kagera, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara, yaani ukanda wa Ziwa Viktoria, wenye misimu miwili: vuli na masika. Lakini tazama ulipo. Wewe uko ukingoni mwa ukanda huo. Ukishuka kusini, ukapita Bukombe ukaingia Tabora, umeingia kwenye mikoa ya msimu mmoja, mvua zinazoanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Mipaka ya wilaya iliwekwa na watu, na wingu halisomi kibao cha barabarani. Kuna miaka Masumbwe hupata mvua kama watu wa ziwani, na pengo la kiangazi kifupi Januari au Februari. Kuna miaka pengo hilo halionekani kabisa, mvua inakwenda moja kwa moja kama ya Tabora. Ushauri wangu ni huu: sikiliza matangazo yote mawili, la vuli mwezi Agosti, na lile la mikoa ya msimu mmoja ambalo hutoka mwezi Oktoba. Yakikubaliana, una nguvu ya kupanga. Yakipingana, gawa shamba.

Pengo hilo la Januari ndilo linaloua mahindi yetu. Mhindi hunywa maji mengi kuliko wakati wote unapotoa mbelewele na nywele, wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Tuseme umepanda tarehe 10 Novemba. Mbegu ya muda mrefu inatoa mbelewele baada ya siku 65 hadi 70, yaani katikati ya Januari, papo hapo kwenye pengo. Ukikuta kavu, unavuna magunzi. Mbegu ya muda mfupi, kama Situka M1, inatoa mbelewele mapema zaidi, karibu na mwisho wa Desemba, wakati ardhi bado ina unyevu. Inazaa kidogo kuliko ile ndefu katika mwaka mzuri, sikatai. Lakini tangazo likisema mvua zitachelewa kuanza, au mtawanyiko hauridhishi, gunia sita ulizovuna zinazidi gunia ishirini ulizoota ndotoni. Tangazo likiwa zuri, weka sehemu kubwa ya shamba mbegu ndefu, na kipande kimoja mbegu fupi. Ndizo zile njugu nyeupe.

Sasa swali la kichwa cha habari: upande lini? Hapa mwelekeo wa msimu hauwezi kukusaidia, na haujatengenezwa kwa kazi hiyo. Wao wanataja wiki. Siku unaichagua wewe. Mvua ya kwanza ya Oktoba ina hila. Inanyesha jioni moja kwa kishindo, harufu ya udongo inapanda, na alfajiri kila mtu yuko shambani na jembe. Siku kumi zinapita bila tone. Mbegu imeota, imekauka, na kilo kumi za mbegu kwa kila ekari zimekwenda. Anayelia zaidi hapo ni mama wa nyumbani, kwa kuwa mbegu ya pili itatoka kwenye debe la chakula.

Kipimo wanachotumia wataalamu ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku chache zinazofuatana, kisha kusiwe na ukame wa siku kumi mfululizo baada ya hapo. Hilo la pili huwezi kulijua peke yako. Ndiyo sababu Mamlaka hutoa pia taarifa ya siku kumi kumi. Hiyo ndiyo ya kusikiliza ukiwa na mbegu mkononi. Lakini hizo milimita 20 unaweza kuzipima hapo hapo kwako. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, juu na chini upana sawa. La maziwa ya unga linafaa sana. Liweke juu ya kigingi mahali peupe, mbali na mti na mbali na paa. Asubuhi tumbukiza rula ya mtoto wa shule, soma, andika, mwaga. Basi. Kumbuka tu kwamba rula nyingi zina nafasi kidogo kabla ya sifuri, hiyo nayo ihesabu. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba, kwa hiyo milimita 20 juu ya ekari moja ni mapipa zaidi ya 400 ya lita 200. Nani angeyabeba hayo kichwani?

Usipokuwa na kopo, tumia jembe. Chimba shubiri moja. Udongo ukishikana mkononi mpaka chini, panda. Ukikuta juu matope na chini vumbi, rudi nyumbani. Wenye udongo wa luseni wawe wagumu zaidi, maana mchanga huo hunywa haraka na kukauka haraka. Wenye mbuga wana shida nyingine: udongo mweusi unashika maji siku nyingi, lakini tangazo likisema juu ya wastani, mahindi ya mbugani yatazama. Huko peleka mpunga, na majaruba yatengenezwe Septemba wakati udongo unalimika. Pamba haina haraka hiyo; bado ina nafasi hadi katikati ya Desemba.

Neno kwa vijana walio kwenye maduara huko Nyakafulu na kwingineko, ingawa kipindi hiki ni cha kilimo. Wengi wenu ni wakulima msimu huu na wachimbaji msimu ule. Tangazo la mvua nyingi linawahusu kabla halijamhusu mama aliye shambani. Udongo uliolowa hauna urafiki na nguzo. Januari 2024, huko Bariadi, mgodi mdogo ulioporomoka wakati wa mvua uliua watu 22.

Jambo la mwisho ni ghala. Redio ikitangaza mvua nzuri Agosti, wanunuzi nao wanasikia. Septemba utawaona na malori yao barabara ya Kahama, na mkulima aliyefurahishwa na tangazo anauza mpaka gunia la akiba, akitegemea mahindi ambayo hata hayajapandwa. Chakula cha kufika Machi kisiuzwe kwa utabiri wowote. Mihogo iliyomo ardhini iache mpaka uone mahindi yametoa nywele.

Kopo lako likishapata daftari la miezi mitatu, mpelekee bwana shamba wa kata yako. Akiyaweka pamoja ya wakulima kumi, kutoka luseni hadi mbugani, msimu ujao ataweza kukuambia juu ya kijiji chako yale ambayo tangazo la mikoa sita haliwezi kukuambia.