Ubatizo na Kupewa Jina

Mtumishi ye yote anayehudumu katika sharika za pembezoni mwa Dar es Salaam, tangu Mbagala upande wa Temeke hadi Bunju upande wa Kinondoni, hukutana na swali ambalo vitabu vyetu vya dogmatiki huligusa kwa mbali tu. Mzazi anaposema amemleta mtoto kanisani "apewe jina", amemleta afanyiwe nini? Washarika wengi huyatumia maneno haya mawili, kubatiza na kutoa jina, kana kwamba ni kitu kimoja. Hata magazetini twasoma kwamba mchezaji fulani "amebatizwa jina" hili au lile, yaani amepewa lakabu. Neno la Kiyunani lenye maana ya kuchovya au kuzamisha majini limeishia kuwa neno la kupachikana majina ya utani.

Katika usharika mmoja nilikohudumu, mtoto wa siku tisa alizidiwa usiku hospitalini. Wazazi walikuwa hawajaafikiana juu ya jina: ukoo wa baba ulitaka jina la babu, ukoo wa mama ulitaka jina la Biblia. Bibi yake mzaa mama, mama wa kanisa wa miaka mingi, alipoona pumzi ya mtoto inapungua alichota maji kwa kikombe, akayamimina kichwani pake mara tatu, akitamka kwamba anambatiza kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Jina la mtoto hakulitaja, maana halikuwapo. Mtoto akapona. Wiki sita baadaye wazazi wakafika ofisini, jina likiwa limepatikana, wakaomba sasa "abatizwe rasmi". Baraza la wazee liligawanyika. Mzee mmoja, mtu wa busara, aliniuliza: "Mchungaji, alibatizwa nani, ikiwa hakuwa na jina?"

Swali la mzee huyo si la kubezwa, kwa kuwa lina historia ndefu nyuma yake. Yohana Mbatizaji na Bwana Yesu mwenyewe walipewa majina siku ya nane, siku ya kutahiriwa (Luka 1:59-63, 2:21). Desturi ya kubatiza watoto wachanga ilipoenea, utoaji wa jina nao ukaegemea kwenye kisima cha ubatizo. Martin Luther alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, siku ya kumbukumbu ya Mtakatifu Martin wa Tours, na ndiyo sababu akaitwa Martin. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 (kanuni 761) ilimwagiza paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Ile ya mwaka 1983 (kanuni 855) yataka tu lisiwe jina geni kwa hisia ya Kikristo. Waingereza nao wana maneno mawili: moja la asili ya Kiyunani, litumikalo katika liturgia, na jingine la kienyeji ambalo asili yake ni kumfanya mtu Mkristo, lakini leo hutumika zaidi kwa sherehe ya familia ya kumpa mtoto jina, na hata kwa meli mpya inayoshushwa baharini. Mchanganyiko huu, basi, haukuzaliwa Temeke.

Luther aliuona hatari yake. Katika Makala ya Smalkald ya mwaka 1537 alilalamikia desturi ya "kubatiza" kengele za kanisa, akaiita dhihaka kwa Ubatizo Mtakatifu. Tuutazame mfano huo vizuri. Kengele ilioshwa kwa maji, ikapewa jina, na sala zikasomwa. Kilichokosekana ni kimoja: agizo la Mungu na ahadi yake. Kengele ilikuwa na jina na maji, isiwe na ubatizo. Mtoto wa hospitalini alikuwa na maji na Neno, asiwe na jina. Ni yupi kati ya hao wawili aliyebatizwa?

Hapa Pwani jambo hili limepata uzito wa pekee. Wamisioni wa Kijerumani walipoanza kazi Dar es Salaam na Uzaramo mwishoni mwa karne ya 19, walikuta jamii ambamo jina latangaza dini ya mtu. Majirani zetu Waislamu hufanya akika siku ya saba: mnyama huchinjwa, nywele hunyolewa, jina hutolewa. Aliyekuwa Juma akawa Yohana, na mtaa mzima ukajua amehama. Ndipo tukapata misemo "jina la dini" na "jina la ubatizo", na jirani akauelewa ubatizo kuwa akika ya Wakristo. Simlaumu jirani, namlaumu mwalimu wa ubatizo anayefundisha vivyo hivyo.

Ushahidi kwamba jina la kuzaliwa halimzuii mtu kuwa wa Kristo tunao humu nchini. Mwalimu Nyerere alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, kijana mkubwa tayari, akapokea jina Julius. Lakini Kambarage, jina la pepo wa mvua, aliendelea nalo maisha yake yote. Walutheri wa Kilimanjaro na Upare nao waliunganisha "Eli", Mungu kwa Kiebrania, na maneno yao wenyewe au ya Kiswahili, wakawaita watoto Elirehema, Elifuraha, Eliamani. Majina hayo ni teolojia nzuri kuliko mengi tuyasikiayo siku hizi kutoka katika tamthilia za televisheni. Hata hivyo Elirehema asiyebatizwa hajabatizwa.

Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 yafundisha kwamba ubatizo si maji matupu, bali ni maji yaliyofungamanishwa na Neno la Mungu. Jina lisilokosekana katika tendo hilo ni la Mungu wa Utatu. Paulo alipowauliza Wakorintho kama walibatizwa kwa jina la Paulo (1 Kor. 1:13), alikuwa akilinda jambo hili hili. Jina letu lamtambulisha anayebatizwa. Halimo katika mambo yanayoufanya ubatizo uwe ubatizo. Kanisa la kale lilikwenda mbali zaidi: mwaka 746 Papa Zakaria alimwandikia Bonifasi asiwabatize tena watu waliobatizwa na padri wa Bavaria aliyekosea sarufi ya Kilatini katika kulitamka jina la Utatu lenyewe.

Kwa hiyo hatukumbatiza mtoto yule. Tulimwita bibi mbele ya wazee, tukamwuliza maswali mawili: ulitumia nini, na ulisema nini? Jumapili iliyofuata mtoto aliletwa mbele ya usharika, ubatizo wake ukatangazwa kuwa halali, wazazi na wasimamizi wakaweka ahadi, tukashukuru. Katibu alitaka kuandika tarehe ya Jumapili ile katika daftari, kwa sababu ndiyo siku jina lilipotajwa. Nilikataa.

Wako watakaosema huku ni kung'ang'ania mambo madogo. Sidhani. Vijana wetu waliopata Kipaimara huambiwa na ndugu wa makanisa mengine, "Ninyi mlipewa majina tu, njoni mbatizwe kwa maji mengi." Huenda, wakabatizwa tena, nasi huwaweka chini ya nidhamu ya Kanisa. Luther alifundisha katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 kwamba imani haiufanyi ubatizo, bali huupokea. Lakini kijana aliyeona ubatizo wa mdogo wake ukiwa sare, picha za video na cheti cha kupelekea shuleni, atajuaje kwamba alipewa zaidi ya jina? Hoja ya wale ndugu tuliitunga sisi wenyewe.

Lililo chungu zaidi ni la mama asiye na ndoa. Katika baadhi ya sharika mtoto wake husubirishwa, na sababu niliyoisikia kwa masikio yangu ni kwamba nafasi ya jina la baba katika fomu iko wazi. Nidhamu ya mama ni habari nyingine, na ina mahali pake. Ila hoja hii ya fomu ni ya kutoa ubini, kazi ya ukoo. Mtoto huyo analetwa apewe jina la Baba ambaye hakosekani, nasi twamrudisha kwa ajili ya yule aliyekosekana. Fomu iandikwe jina la mama, na mtoto abatizwe.

Yule wa hospitalini alipewa majina yote mawili, la babu na la Biblia. Katika daftari la usharika yamefuatwa na tarehe ya usiku ule, na katika nafasi ya aliyebatiza limeandikwa jina la bibi yake.