Babu alipuliza saksafoni: nyimbo zake ni mali ya nani?

Familia nyingi zikikaa kikao cha mirathi huorodhesha kiwanja, nyumba na ng'ombe. Nyimbo husahaulika, hata marehemu akiwa mwanamuziki.

Verckys Kiamuangana Mateta hakuwa mtu wa kusahau mali. Mpuliza saksafoni huyo wa Kongo, aliyezaliwa mwaka 1944, alijiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1963, akaondoka 1969 na kuanzisha Orchestre Vévé. Hata jina lake lina kisa: alimhusudu King Curtis, mpuliza saksafoni wa Marekani, akalisikia vibaya jina hilo, likawa Verckys mpaka kaburini. Wenzake wengi walipiga katika kumbi za watu. Yeye alijenga ukumbi wake Kinshasa, Vévé Centre, na akawa na lebo yake iliyorekodi bendi za vijana.

Mwaka 2014 lebo ya Ujerumani, Analog Africa, ilitoa upya nyimbo zake za 1969 hadi 1978. Alikuwa hai kuyaona hayo. Alifariki Oktoba 2022.

Dodoma nako kuna wazee waliopiga dansi, na kaseti zao zimo kwenye maboksi chini ya vitanda, zikila joto na vumbi. Zitoe. Kaseti na santuri zisimamishwe kama vitabu, zisilaliane, wala zisikae juani. Kisha zihamishiwe kwenye kompyuta, na nakala ya pili ikae kwa ndugu mwingine.

La haraka zaidi ni majina. Mpe mzee picha ya bendi, washa kinasa sauti cha simu, muulize nani alishika gitaa, nani alitunga, walirekodi wapi. Mzee akiondoka, hakuna fundi wa kurudisha hayo.

Jina la mtunzi lina uzito kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kifo. Ofisi ya kuuliza ni COSOTA.

Chukua mfano wa Patrick Balisidya wa Afro 70, mzaliwa wa Mvumi hapo hapo Dodoma. Alifariki mwaka 2004. Nyimbo alizotunga zinalindwa hadi 2054.