Kiwavi anatoboa, ukungu unaingia: mahindi yetu kati ya adui wawili

Mwezi wa nane mwaka 2024, mbwa wapatao 400 waliripotiwa kufa nchini Zambia baada ya kula bidhaa za mahindi. Serikali ilipopima unga wa viwanda 25 vya kusaga, 10 kati yake ulionekana kuwa na sumukuvu kwa kiwango cha juu, na unga huo ukaamriwa utolewe madukani. Habari hiyo ilisomwa kama habari ya jirani. Lakini mtu wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi anajua vizuri unga wa bukari yake unapita wapi: sehemu kubwa inavuka mpaka pale Kasumbalesa.

Na hata pasipo unga wa Zambia, mahindi tunayolima wenyewe yanakabiliwa na hatari ileile. Miaka hii yote mazungumzo ya wakulima wetu yamekuwa juu ya kiwavi, yule anayekula majani mchana na usiku wakitazama. Ukungu hausemwi sana, kwa sababu hauli shamba likaisha. Hukaa kimya ndani ya hindi, kisha ndani ya gunia, kisha ndani ya sahani. Wawili hawa wanafanya kazi pamoja, na mkulima anayepigana na mmoja tu amefanya nusu ya kazi.

Tuanze na kiwavi. Kiwavijeshi vamizi asili yake ni Amerika. Afrika alitambuliwa mwanzoni mwa 2016 huko magharibi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshafika Kongo. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo, basi hakuna mpaka wala mto wa kumzuia. Mwaka 2017 shirika la CABI lilikadiria kwamba katika nchi 12 za Afrika, Kongo ikiwemo, tani kati ya milioni 8.3 na 20.6 za mahindi zingeweza kupotea kila mwaka kama watu wangekaa bila kufanya lolote.

Kumtambua si vigumu. Kwenye uso wake kuna alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za meza. Jike hutaga mayai mia moja hadi mia mbili kwa mkupuo mmoja, akiyafunika kwa manyoya mepesi, na baada ya siku tatu hivi yanaanguliwa. Vijana wake hukwangua jani mpaka libaki kama karatasi ya nailoni, halafu wanaingia kwenye moyo wa mmea. Wakishakua wanajifungia humo kwa kinyesi chao chenyewe, kinachofanana na unga wa mbao iliyopigwa msumeno.

Hapo ndipo pesa nyingi za wakulima zinapotea. Mtu anaona majani yametoboka, anakimbia kununua dawa, anapulizia saa sita ya mchana. Kiwavi mkubwa yuko chini ya kile kifuniko cha kinyesi, dawa haimfikii, na yeye hutoka kula usiku. Zaidi ya hayo, viwavi hawa walikuja Afrika wakiwa tayari na ukinzani dhidi ya baadhi ya dawa za zamani ambazo bado zinauzwa rahisi masokoni, mara nyingi zikiwa zimemiminwa kwenye chupa za maji bila karatasi ya maelezo. Dawa ya namna hiyo itamwumiza anayeipulizia kuliko kiwavi.

Wataalamu wanaofuata mdudu huyu wanashauri kuhesabu kabla ya kununua chochote. Mkulima apite shambani kwa njia ya herufi W, asimame mahali patano, na kila mahali atazame mimea 10. Mahindi yakiwa bado madogo, kama mimea iliyo na kiwavi haifiki 10 kati ya hiyo 50, hakuna haja ya kupulizia. Yakiwa makubwa lakini bado hayajatoa mbelewele, mtu anaweza kuvumilia hadi 20 kati ya 50. Watu wengi hawaamini wakiambiwa hivyo, maana shamba lililotobolewa linatisha macho. Lakini mahindi yana nguvu ya kujirudisha: majani yanaweza kuliwa robo nzima na mavuno yasipungue sana, ikiwa mbolea na mvua vipo.

Kwa shamba dogo la familia, mikono inatosha kuliko watu wanavyodhani. Mayai yanaonekana kwa macho na kupondwa kwa vidole, mara mbili kwa juma katika mwezi wa kwanza. Wengi wanatia mchanga au majivu kidogo katika moyo wa mmea, jambo ambalo wengine waliliona kama ushamba mpaka wataalamu wa kilimo nao wakaanza kulitaja. Kuchanganya mahindi na maharagi kunasaidia, kwa sababu nondo hapati mahindi matupu mbele yake, na nyigu, sisimizi na wadudu wengine wanaomla kiwavi wanapata pa kukaa. Anayepulizia dawa kali shamba lote anawaua hao kwanza. Kama ni lazima kupulizia, ifanyike jioni, viwavi wakiwa bado wadogo, na mdomo wa bomba uelekezwe kwenye moyo wa mmea.

Hindi likishatoa nywele, kupulizia kuache. Kiwavi aliyeingia ndani ya maganda hafikiwi tena, na dawa inabaki kwenye chakula. Sisi tunakula mahindi mabichi ya kuchoma kando ya barabara. Anayechoma hawezi kujua shamba lilipuliziwa lini.

Ni wakati huohuo adui wa pili anapoingia. Ndani ya udongo kuna kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na mbegu zake huruka na vumbi. Hindi zima lenye maganda yaliyofunga vizuri hujilinda. Hindi lililotobolewa limeachwa wazi: punje zimejeruhiwa, kinyesi cha kiwavi kinashika unyevu, maji ya mvua yanashuka kwa tundu lilelile. Jua kali na ukame wakati wa punje kujaa vinazidisha hatari, kwa sababu mmea uliochoka haupigani. Mwaka 2024 Zambia ilikuwa na ukame hata ikautangaza kuwa janga la kitaifa mwezi wa pili. Miezi sita baadaye ndipo habari ya wale mbwa ikatoka.

Sumu inayotolewa na kuvu hiyo, aflatoksini, inashambulia ini. Ikiwa nyingi inaua kwa siku chache: Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa kula mahindi waliyovuna wenyewe na kuyahifadhi yakiwa mabichi. Ikiwa kidogo kidogo, kila siku, kwa miaka, inaleta saratani ya ini, na mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko katika hatari kubwa zaidi sana. Kupika hakusaidii. Maji ya moto ya bukari hayaiondoi, na munkoyo uliochemshwa asubuhi nzima unabaki nayo.

Watu huuliza: basi tuwape kuku. Hapana. Kuku hudhoofika na kutaga vibaya, na ng'ombe aliyekula mahindi hayo huipitisha sumu katika maziwa ambayo mtoto atakunywa. Jambo la kuangalia hasa ni pumba. Sumu nyingi iko kwenye ganda la punje na kiini chake, ndiyo maana unga uliokobolewa una afadhali, lakini pumba inayobaki mashineni hubeba mzigo huo na ndiyo inayouzwa kwa wafugaji.

Kinachoweza kufanyika kinafanyika kati ya siku ya kuvuna na siku ya kufunga gunia, na hapa Kongo si nchi moja. Haut-Katanga mvua inakatika mwezi wa nne, mahindi yanaweza kukauka yakiwa yamesimama, na kosa la kawaida ni kuyaacha shambani muda mrefu mno hadi fukusi na mchwa waanze kuyala huko. Kivu ni shida nyingine: mahindi ya msimu A yanavunwa mwezi wa kwanza na wa pili, na mvua hairuhusu siku nne za jua mfululizo. Mtu wa Kabare au Walungu anaanika asubuhi, saa nane anakimbiza mahindi ndani, kesho anaanza tena. Kwake bashi moja ya plastiki ina thamani kuliko chupa tatu za dawa, kwa sababu mahindi yaliyomwagwa juu ya udongo yanaokota kuvu upya na kunyonya maji kutoka chini.

Kabla ya kuanika, tenga. Hindi lenye tundu la kiwavi, lenye ukungu wa kijani-manjano au wa pinki, lisichanganywe na mazima. Punje zilizovunjika, nyepesi au zilizobadilika rangi ziondolewe tena baada ya kupura. Kazi hiyo inachosha, na kwa kawaida wanaachiwa mama na watoto, lakini inapunguza sumu kuliko jambo lingine lolote nyumbani. Zilizotengwa zifukiwe. Haiwezekani kuona sumu yenyewe, na punje nzuri kwa macho inaweza kuwa nayo. Kutenga kunapunguza, hakumalizi.

Kujua kama mahindi yamekauka hakuhitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje kiasi cha robo na vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyo kavu kabisa, funga, tikisa vizuri, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15 na hayapaswi kuingia guniani. Isiposhika, yanaweza kuhifadhiwa, na asilimia 13 ndiyo nzuri. Yakiwa makavu hivyo, mfuko wa PICS wenye tabaka tatu, ukifungwa bila kuacha hewa, unawaua fukusi bila dawa yoyote. Lakini kutia mahindi yenye maji katika mfuko uliofungwa ni kuyaozesha.

Yote haya mkulima anaweza kuyaelewa kwa siku moja. Kinachomzuia mara nyingi ni soko. Lubumbashi tunauza kwa meka, Bukavu kwa murongo, na kipimo hakiulizi kama mahindi ni makavu. Punje yenye maji imevimba, inajaza chombo upesi. Mama aliyeanika siku sita na kutenga ndoo nzima ya mabovu anauza bei ileile na jirani yake aliyemwaga vyote guniani, naye anabaki na gunia pungufu. Kama vyama vya ushirika na wenye mashini za kusaga wangeanza kulipa franka kidogo zaidi kwa mahindi yaliyopita jaribio la chumvi mbele ya muuzaji, kazi ya kutenga ingepata mwenyewe. Jaribio lenyewe ni la robo saa, na chumvi inauzwa pale pale sokoni.