Mafuta Yasiyoruhusiwa Kugusa Pete

Mwezi huu twataka kusema habari za ngozi zetu. Labda wengine watauliza, "Gazeti la Wakristo lina shughuli gani na mafuta ya kupaka?" Na wasome kwanza mfano huu, kisha wahukumu wenyewe.

Mama mmoja alisafiri kwenda mjini kumtazama binti yake aliyeolewa, ambaye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Usiku, baada ya sala, alimwona bintiye ameketi karibu na taa, akavua pete yake ya ndoa, akaiweka juu ya kisahani. Kisha akafungua kikopo, akajipaka mafuta usoni, shingoni na mikononi. Mama akamwuliza, "Mwanangu, mbona umevua pete?" Binti akajibu, "Imeandikwa hapa kikoponi, mama. Mafuta haya yasiguse dhahabu wala fedha." Mama akanyamaza kitambo. Akaitazama ile pete, akalitazama na tumbo la bintiye. Ndipo akasema, "Pete umeihurumia, mwanangu. Na mjukuu wangu je?"

Huo ni mfano tu, walakini maandishi ya namna hiyo si mfano. Shirika la Afya Duniani limeonya ya kuwa dawa ya kujichubua ikiandikwa isiguse dhahabu, fedha wala vito, huenda ikawa ndani yake mna zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita na Chunya waijua sana zebaki. Huitia katika mchanga uliosagwa, nayo hushikamana na chembe za dhahabu mpaka zote zikawa donge moja. Basi mwaona kwa nini kikopo chaagiza pete ivuliwe.

Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, na kwa hiyo mwenye kujipaka huonekana ameng'aa. Lakini haikomei ngozini. Huingia mwilini, huharibu mafigo, hudhuru na mishipa ya fahamu. Mama mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni. Hata wasiojipaka hawako salama nyumbani humo, maana zebaki huenea kwa mvuke, na kwa mataulo, na kwa mikono. Mtoto amshikaye mama yake shavu, kisha akanyonya vidole, amekula sehemu ya urembo ule.

Wala si zebaki peke yake. Iko dawa iitwayo hidrokwinoni, ambayo mwanzoni hupendeza. Lakini wengi walioitumia kwa miaka wametokewa na madoa meusi yenye rangi ya samawati mashavuni, tena ni magumu mno kuondoka. Basi aliyetafuta weupe amepata weusi asioutaka. Tena ziko dawa za steroidi, zilizo halali mkononi mwa daktari kwa kutibu magonjwa ya ngozi. Zikipakwa kila siku bila kipimo, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, na kidonda hukawia kupona. Na ule mkorogo wa mitaani aghalabu ni mchanganyiko wa hizi zote, na hata aukorogaye hajui kipimo chake.

Msidhani kwamba ujinga huu ni wetu sisi Waafrika tu. Huko Uingereza katika miaka ya 1700 mabibi wakubwa walijipaka unga mweupe wa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Maria, mke wa Earl wa Coventry, alisifiwa nchi nzima kwa uzuri wake. Akafa mwaka 1760, hata miaka 30 hajatimiza, na watu wakasema ni ule unga uliomwua. Aliyekwisha kuwa mweupe alitaka weupe zaidi! Kwa hiyo twajua ya kwamba ugonjwa huu hauanzi katika rangi. Huanza katika moyo ulioambiwa kwamba haujatosha.

Serikali nazo zimeamka. Afrika Kusini ilikataza dawa hizi mwaka 1990. Tanzania yazuia vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni. Mapatano ya mataifa yaitwayo Minamata, ya mwaka 2013, yaliamuru vipodozi vyenye zebaki vikome. Hata hivyo vikopo vyaendelea kupenya sokoni, kwa maana wako wanunuzi. Sheria yaweza kumkamata mwuzaji. Haiwezi kuingia chumbani usiku kumwuliza mtu kwa nini amevua pete.

Na rangi hii tunayoichubua, je, ina kazi gani? Ni mwavuli. Mungu aliiweka ndani ya ngozi ipunguze ukali wa jua. Waulizeni ndugu zetu wenye ualbino, waliozaliwa na rangi haba. Jua la nchi yetu huwaunguza, na wengi wao hupata saratani ya ngozi wangali vijana. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, wataalamu wametengeneza mafuta ya kuwakinga na jua. Fikirini basi: ndugu mmoja apaka mafuta apate kinga aliyokosa, na mwingine anunua mafuta ili aivue kinga aliyopewa bure.

Walakini tusiwe wepesi wa kuwahukumu mabinti. Maandiko hayakatazi kila pambo. Esta alipakwa mafuta ya manemane muda wa miezi sita kabla ya kupelekwa kwa mfalme, wala hatusomi kwamba alikemewa. Mafuta ya nazi na ya ufuta, liwa na hina, ni vitu vya heri walivyovitumia bibi zetu kuitunza ngozi waliyo nayo. Kuitunza ngozi ni shukrani. Kuichubua ni kumwambia Mfinyanzi kwamba alikosea.

Lakini ni nani aliyemfundisha binti neno hilo? Hapa natuulizane sote, na wazee wa kanisa wasikie. Shangazi alipomtazama mtoto mchanga alisema, "Ni mweusi, lakini amependeza." Mwalimu wa kwaya alipopanga safu aliwaweka mbele wale weupe. Mume alipokuwa na rafiki zake alimsifu mke wa jirani kwa rangi yake, naye mkewe yu jikoni, asikia. Hakuna aliyemwambia, "Nenda ukanunue sumu." Walimpa neno dogo tu, neno "lakini", akaenda nalo mpaka dukani.

Katika Wimbo Ulio Bora yumo bibi arusi asemaye na binti za Yerusalemu, akitaja weusi wake na uzuri wake kwa pumzi moja. Wafasiri wengi wameweka kati yake neno "lakini". Ila wajuao Kiebrania husema kwamba kiungo kile chaweza pia kuwa "na" tu. Mweusi, na mzuri. Lo, tofauti ya herufi chache! Laiti tungalisema "na" katika nyumba zetu, vikopo vingapi vingalikosa mnunuzi!

Basi tufanyeje? Wewe uliyeanza kujipaka, usijifiche. Nenda hospitalini, ukachukue na kikopo chako, umwambie mganga kweli yote. Waliozoea dawa za steroidi wakiziacha ghafula huweza kuwashwa na kuvimba, wakaogopa, wakazirudia. Kwa hiyo heri kuacha kwa shauri la daktari. Mwenye mimba au anyonyeshaye asingoje hata wiki moja. Kikopo usikitupe kisimani wala kwenye jalala wachezapo watoto. Mkabidhi mganga.

Nanyi waume, msingojee mke aulize. Mwambieni leo ya kwamba mwampenda kama alivyo, mkaseme mbele ya watoto, wapate kusikia. Nanyi wazazi, mtoto akizaliwa msimtazame masikio na vidole ili kujua atakuwa na rangi gani. Mshukuruni Mungu kwamba amelia.

Turudi kwa yule mama wa mfano wetu. Usiku ule hakumgombeza bintiye. Aliondoka, akaleta maji ya moto na sabuni, akamnawisha uso kama alivyomnawisha zamani alipokuwa mtoto. Kisha akaiokota pete kutoka kisahani, akamvika kidoleni, akamwambia, "Uso huu niliuomba kwa Mungu miaka minne kabla hujazaliwa. Usiuondoe." Wakalia wote wawili. Asubuhi wakaenda hospitalini pamoja.

Bwana atupe macho ya kuona alivyofanya, na ulimi wa kuwaambia watoto wetu kwamba alifanya vema. Amina.