Sura ya Sita: Mgombea Ndani ya Grupu

Mgombea ubunge anayetafuta kura za vijana wa Same hupambana na milima kabla hajapambana na chama pinzani. Wilaya ina majimbo mawili, Same Magharibi na Same Mashariki. Huku chini kuna tambarare kavu na barabara kuu iendayo Arusha. Kule juu kuna Mbaga, Vudee, Gonja na Mamba, ambako mvua zikichachamaa gari linaweza kugoma kupanda. Anayehutubia stendi ya Same mjini hasikiki Mamba. Tena vijana wengi wa Mamba hawako Mamba: wako Kariakoo, Moshi, Arusha, wengine machimboni Mirerani. Kwa watu waliotawanyika hivyo, simu imekuwa jukwaa la pili la kampeni, na kwa wengine ni la kwanza.

Upare ulijua kusambaza habari za siasa kabla ya simu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka hadi Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru iliyomtoza kila mtu kwa kukadiria kipato chake. Upinzani haukukoma hadi serikali ya kikoloni ilipoiacha kodi hiyo. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1971. Habari za mbiru zilipanda na kushuka milima kupitia watu waliofahamiana. Naona kanuni hiyo haijabadilika: kijana wa Vudee bado hupima habari kwa kumwangalia aliyeileta.

Hapo ndipo wagombea wengi hukosea mtandao. TikTok na Instagram humfaa mgombea urais. Mwaka 2015 John Magufuli alipopiga pushapu jukwaani, video zilizunguka nchi nzima, na "Hapa Kazi Tu" ikashindana na "Mabadiliko" ya Edward Lowassa kwenye simu za vijana kama ilivyoshindana viwanjani. Lakini TikTok haijui mpaka wa jimbo. Video ya mgombea wa Same Mashariki inaweza kutazamwa sana Mbeya na Mombasa, wala isimfikie kijana wa Ndungu.

WhatsApp imejengwa juu ya namba za simu, yaani juu ya watu wanaojuana. Kuna grupu la ukoo, la waliomaliza shule pamoja, la kwaya, la bodaboda wa kijiwe kimoja, la wakulima wa tangawizi. Zamani grupu lilibeba watu 256. Mwaka 2022 kikomo kilipandishwa hadi 1,024. Mgombea hawezi kujiingiza humo kwa nguvu, sharti aalikwe au awe na mtu wake ndani. Na tangu 2020, ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi hauwezi kutumwa zaidi ya soga moja kwa wakati mmoja, tena hufika ukiwa na alama ya mishale miwili inayomwambia msomaji kwamba umetoka mbali. Status nayo huonwa na waliohifadhiana namba, kisha hufutika baada ya saa 24. Kwa hiyo dereva wa bodaboda anayeweka klipu ya mgombea kwenye status yake anamdhamini mbele ya wateja na ndugu zake. Udhamini huo ndio mgombea anaoutafuta.

Klipu yenyewe iwe na nini? Chukua suala la maji. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 9 Machi 2025 baada ya miaka mingi ya kusubiriwa. Wa chama tawala atapiga picha bomba likitiririka. Mpinzani atakwenda kwenye kitongoji ambacho bomba halijafika, asimame pale na ndoo tupu. Klipu zote mbili zinaweza kuwa za kweli. Kijana anayehesabu bando lake atafungua ile inayoonyesha njia anayoijua, mwembe anaoujua, ukuta wa duka la jirani yao. Bango lenye uso wa mgombea, rangi za chama na kaulimbiu huwa analipita. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika, wenye salamu ya Kipare, hula bando kidogo zaidi, na bibi asiyesoma anawekewa sikioni akasikia mwenyewe.

Wapo wanaosema vijana wa Kariakoo ni wafuasi hewa, kwa kuwa aliyejiandikisha Ilala hamchagui mbunge wa Same. Hoja ya daftari la wapiga kura ni sahihi, ila hitimisho silikubali. Kijana huyo ndiye anayemtumia mama yake pesa ya mbolea na kumpigia simu jioni. Akisema "huyu, mama, achana naye", neno hilo linaweza kuwa na uzito kuliko mkutano mzima wa hadhara.

Mtandao una mahali usipofika. Ndani ya CCM, mtu hupita kwanza kwenye kura za maoni, na wanaopiga kura hizo ni wajumbe. Mwaka 2020 watia nia wengi walianguka huko, na nchi nzima ikawa inataniana mtandaoni kwamba wajumbe si watu wazuri. Wafuasi elfu kumi hawaingii kwenye ukumbi wa wajumbe. Wala chawa hasaidii sana: kijana aliyelipwa bando na posho ili asifie kutwa, wenzake humtambua mapema, na sifa zake humchafua anayesifiwa.

Halafu kuna woga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ndiyo maana katika magrupu mengi admini ameandika juu kabisa: siasa hapana. Na mtambo wenyewe huzimika. Kabla ya uchaguzi wa 2020, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliagiza kampuni za simu zisitishe kwa muda huduma ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mpigo. Mei 2025 X ilifungwa, na tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Siku hiyo vijana waliandamana Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Mbeya, na watu wakauawa. Hili linaniuma kuliko lolote katika sura hii, kwa sababu ni rika lile lile lililokuwa likitumiwa klipu za kampeni tangu Agosti. Vijana walikuwa wakiuliza mtandaoni kuhusu ajira, Katiba mpya na watu waliotekwa. Mwanasiasa aliyewafikia kwa picha na kaulimbiu, bila kuwajibu, alitumia nusu tu ya chombo alichokuwa nacho mkononi.

Kwa hiyo ninapopima kampeni ya mtandaoni, Same au kwingineko, sianzi na idadi ya wafuasi. Natafuta swali gumu lililoandikwa chini ya posti, kwa mfano la bei ya tangawizi ya Mamba, halafu naangalia siku ngapi zilipita kabla mgombea mwenyewe, si kijana wake wa mitandao, hajaandika jibu.