Waya kuukuu zinavyogeuza garimoshi la kuchezea kuwa hatari

GARIMOSHI la umeme la kuchezea lililofungiwa stoo tangu miaka ya hamsini laweza kuonekana zima kabisa. Rangi ingalipo na magurudumu yanazunguka. Kilichooza ni kile kisichotazamwa na wengi, yaani mpira unaofunika nyaya, hasa za kutoka transfoma hadi ukutani. Mpira wa zama hizo hukauka, ukapasuka na kupukutika kila waya unapokunjwa, shaba ikabaki wazi.

Mfano maarufu ni magarimoshi ya Lionel, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka wa 1900. Hayo hupita juu ya reli tatu: ya katikati hupeleka umeme, nazo mbili za kando huurudisha. Umeme wa relini ni mkondo geu usiozidi volti 20 hivi, ambao kwa kawaida haumdhuru mtu. Balaa iko upande wa pili wa transfoma, unaoelekea ukutani.

Ndiko kazi inakoanzia. Plagi ikishachomolewa, waya mzee huondolewa wote na mpya kuwekwa. Kuuzungushia utepe ni kujidanganya. Kisha fundi hupima kwa mita iwapo pini za plagi zimeungana na kasha la chuma. Zikiwa zimeungana, transfoma hiyo isitumike.

Mkenya aliyeletewa garimoshi hilo kutoka Marekani ana jambo jingine la kuzingatia. Transfoma zake ziliundiwa umeme wa takriban volti 120, ilhali wa Kenya ni 240. Akiichomeka moja kwa moja, itaungua. Hana budi kutumia kifaa cha kupunguza volti, na hata hivyo aichunge isipate joto kupita kiasi, kwani umeme wa Marekani hugeuka mara 60 kwa sekunde na wa hapa mara 50.

Ndani ya kichwa cha garimoshi, waya mpya uwe mwembamba na wenye nyuzi nyingi, maana sehemu zinazogusa reli hupanda na kushuka safari nzima. Lehemu iwe ya ulimbo. Ile ya asidi hutumiwa na mafundi wa bati, nayo huila shaba polepole. Kwenye reli, garimoshi likizubaa upande wa mbali, lawama isitupiwe injini upesi. Mara nyingi viungo vya reli vimeshika kutu. Visafishwe, na jozi nyingine za waya wa milimita mraba 1.5 zipelekwe sehemu kadhaa za njia.

Wapo wanaounganisha transfoma mbili kwenye njia moja. Hapa pana mtego ambao hata mafundi wenye uzoefu huusahau. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: moja ikichomolewa ukutani huku nyingine ikiendelea kulisha reli, ile iliyochomolewa hupokea umeme mdogo wa relini na kuukuza hadi ule wa ukutani. Pini za plagi iliyolala sakafuni huweza kuwa na volti 100 na zaidi. Dawa yake ni kuzichomeka zote kwenye soketi moja ya matundu mengi yenye swichi moja, zizimwe kwa pamoja, na kila moja iwekewe fyuzi yake kabla ya umeme kufika relini.