Daftari na kalamu vyatosha: nota za muziki kwa kwaya za Ikombe

Kutoka Matema kwenda Ikombe, wilayani Kyela, njia zilizozoeleka ni mbili: mtumbwi au miguu. Upande mmoja ni Ziwa Nyasa, upande wa pili Milima ya Livingstone inashuka hadi karibu na maji. Vyungu wanavyofinyanga akina mama wa Kikisi husafirishwa kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Matema, na mahitaji ya nyumbani hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kufikisha piano huko ni kazi kubwa. Daftari la nota linaingia kwenye mkoba.

Naandika haya kwa sababu mwambao huu ni wa waimbaji. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, na Wamoravian wakafika mwaka huo huo. Ikombe nayo ikawa kituo cha misheni miaka michache baadaye. Kwaya zilizozaliwa na historia hiyo zinapendwa mpaka leo. Lakini kwaya nyingi za vijijini hujifunza kwa kusikia tu: mwalimu anaimba, wanakwaya wanafuata, au simu inawekwa katikati na wimbo unarudiwa mpaka ushike.

Njia hiyo ina hasara mbili. Kwanza, kwenye simu sauti ya kwanza ndiyo inayosikika vizuri, bezi inasikika kidogo, na sauti ya pili na ya tatu zinamezwa na kinanda. Kwaya ya sauti nne inaishia kuimba mbili. Pili, na hili ndilo linaloniuma, wimbo aliotunga mwalimu wa hapo hapo mara nyingi haumo kwenye simu ya mtu yeyote. Akihama au akifariki, wimbo umekwenda naye.

Herufi saba

Dawa yake haizidi bei ya daftari. Katika karne ya 19 Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, alibuni njia ya kufundisha watoto kuimba kwa kutumia herufi. Mchungaji John Curwen akaichukua, akaiboresha na kuieneza. Ndiyo solfa tunayoijua: d, r, m, f, s, l, t, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti. Wamisionari waliipeleka Afrika Kusini, Madagaska na kwingineko, kwa kuwa iliweza kupigwa chapa kwa herufi za kawaida na mwanafunzi hakuhitaji ala yoyote.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba do inahama. Juu ya wimbo unaandika, kwa mfano, "Do ni G". Ukiona sauti ya kwanza inakwama kwenye nota za juu, unafuta G unaandika F, na kazi imekwisha. Herufi nyingine zote zinabaki zilivyo. Kwenye nota za mistari mitano ingekubidi uuandike wimbo upya wote.

Mwanafunzi aanze na hatua za ngazi. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, hatua ni nusu. Nyingine zote ni nzima. Mwalimu asiharakishe hapo. Kwaya iimbe mi-fa-mi, kisha do-ti-do, mpaka masikio yaizoee nusu hiyo bila kinanda. Baada ya hapo yaje mapigo. Mstari wa wima hutangulia pigo zito, nukta pacha hutenganisha pigo na pigo, kistari hurefusha nota, na nukta moja hugawa pigo katikati. Alama hizo nne zinatosha kusoma mapigo ya tenzi nyingi za kanisani.

Kuandika cha kwako

Kusoma ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuandika, na hapa lugha yenyewe inakusaidia, maana Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua maneno "Twende Ikombe leo". Yatamke polepole: TWE-nde i-KO-mbe LE-o. Silabi tatu zina uzito, basi kila moja ikae mara tu baada ya mstari wa wima. Kwa mapigo matatu matatu, itaandikwa hivi:

| d : r : m | s : – : m | r : – : d ||
Twe-nde i- | ko – mbe | le – o

Imba. Maneno yanasikika kama yanavyosemwa. Sasa ianze "ko" kwenye pigo jepesi uone linavyolemaa. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Ulaya zina kilema hicho: maneno yalilazimishwa kufuata tuni iliyotungwa kwa lugha nyingine. Mtunzi anayejua kuandika anaweza kukiona kwenye karatasi na kukiponya.

Daftari hufika mbali. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga wimbo "Nkosi Sikelel' iAfrika". Alikuwa na desturi ya kuziandika nyimbo za wanafunzi wake kwa solfa. Alifariki mwaka 1905, akiwa mwalimu asiye na jina kubwa. Mwaka 1961 Tanganyika huru iliichukua tuni hiyo hiyo, nasi tunaiimba mpaka leo kwa maneno ya "Mungu ibariki Afrika". Hapa nyumbani, kwaya za Kikatoliki zimejenga desturi ya kuandika, na tovuti ya Swahili Music Notes imekusanya maelfu ya nyimbo zinazochapwa na kuimbwa na watu wasiowahi kuonana na watunzi wake.

Kijana atakayetaka kupiga ala au kuandikia bendi atahitaji mistari mitano. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, Chuo Kikuu cha Makumira kina masomo ya muziki, Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Vyote viko mbali na Kyela, na si kila mtu atafika. Atakayefika akiwa tayari anasoma solfa hatakuwa anaanza na alifu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kwaya, kuanzia Ikombe na Matema hadi Ipyana: kila kwaya ichague vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wawe waandishi wake. Kila wimbo unaotungwa kijijini uandikwe sauti zote nne, pamoja na jina la mtunzi, mwaka na do yake. Nakala moja ikae kanisani, nyingine nyumbani kwa mwalimu. Waanze na wazee wenye nyimbo ambazo hazijawahi kuandikwa, na waanze mwaka huu, wazee hao wakiwa bado wanaweza kusahihisha nota zao wenyewe.